Shule Iliyoshiba Adabu

Katika Bujumbura nzima hakukuwa na mwanaume aliyekula vizuri kama Ildephonse, diregiteri wa shule yetu ya msingi pale Bwiza. Tulilijua hilo kwa sababu alitueleza mwenyewe, kila asubuhi, kijiti cha meno kikicheza mdomoni kama fimbo ya jenerali.

"Walimu, leo maini yalikuwa laini! Yaani yalijitafuna yenyewe!"

Ulikuwa wakati wa vita, na nchi jirani zilikuwa zimetuwekea vikwazo. Sukari ilipanda bei hadi watu wakaanza kuitaja kwa heshima, kama mkwe. Mishahara nayo ilikuja ilipojisikia. Sisi walimu tulikunywa chai kavu, tukala maini ya diregiteri kwa masikio. Watoto wengi walikuja bila hata hiyo chai. Wakati wa mapumziko hawakucheza tena. Waliegemea ukuta tu, kama baiskeli.

Ndipo ikaja habari njema. Shirika moja la msaada lilikuwa na fedha za shule moja ya mtaa: uji kila asubuhi, pamoja na mipira na kamba za kurukia. Sharti lake lilikuwa moja tu, watoto wawe wanakuja shuleni na njaa. Na kulikuwa na shule nyingine, mitaa michache kutoka kwetu, iliyoumezea mate uji uleule.

"Huo uji ni wetu!" Ildephonse alipiga kifua. "Watoto wa kule wanaombaomba. Mi nitamuonyesha mgeni watoto waliolelewa!"

Wiki nzima hatukufundisha hesabu. Tulifundisha adabu, diregiteri mwenyewe mbele ya ubao.

"Mgeni akikuuliza kama unataka kula?"

"Nimeshiba, asante!"

"Na mtoto anayelilia chakula mbele ya mgeni?"

"Mlafi!"

Watoto hawakupata shida kulishika somo. Ni mama gani wa mji huu asiyemfinya mwanawe chini ya meza kwa sababu hiyohiyo?

Siku ikafika. Mgeni alikuwa Madame Gaëlle, Mbelgiji aliyejifunzia Kiswahili Bukavu. Uwanjani Mama Mwanvua, mkuu wa kamati ya wazazi, alikuwa amepika sufuria kubwa ya uji wa majaribio, na harufu yake ilikuwa inaingia madarasani bila kubisha hodi.

"Batoto, mumekula asubuhi?" Madame aliuliza.

"Tumeshiba, asante!"

Shule nzima! Mabati yalitetemeka. Diregiteri alitabasamu kama aliyezaa mapacha.

Madame akamwinamia Assia wa darasa la pili, ambaye sketi yake ilishikiliwa na kamba. "Na we, mutoto muzuri, umekula nini?"

"Wali na nyama, madame."

Aliyesimama kando yake hakukubali kushindwa adabu. "Mi nimekula samaki, mukeke muzima!"

"Mi mukeke mbili, wa kukaanga!"

"Sisi kwetu tumekula ng'ombe, na mukia yake!"

"Mungu wangu!" Madame alifunga mkoba. "Munakula kunipita mimi! Asante, Bwana Diregiteri. Sasa niende kuona ile shule ingine."

Mama Mwanvua alishika kichwa kwa mikono miwili. "Diregiteri, uko unatuua! Umwambie ukweli! Hawa batoto hawajatia kitu mu kinywa!"

"Niseme wanafunzi wangu ni waongo? Mbele ya mgeni? Apana! Acha nifanye kisayansi." Akamkimbilia Madame. "Ngoja kidogo! Wakimbie kuzunguka uwanja. Mwenye njaa ataanguka, utaona kwa macho yako. Na mi mwenyewe nitaongoza. Mi nikikimbia, magari ya Bwiza yanaona haya!"

Wakajipanga kwa mistari, kama watu wa mjini wanavyokimbia asubuhi za Jumamosi, wakaondoka wakiimba na kupiga makofi. Diregiteri alitangulia, tai begani, akiongoza wimbo. Na wale watoto, kumbe! Waliposikia makofi walisahau tumbo, wakasahau ukuta, wakaruka kama panzi. Hakuanguka hata mmoja.

Mzunguko wa kwanza, sauti ya diregiteri ilifika sokoni. Wa pili, ikaishia getini. Wa tatu, wimbo ulikuwa umebaki irabu tu: aa, ee, oo. Kisha kijiti cha meno kikaruka kulia, na diregiteri kushoto.

Pwaa!

Madame alipiga magoti kando yake. "Bwana Diregiteri! Umekula nini leo?"

"Maini..." alinong'ona, macho yamefumbwa. Papo hapo tumbo lake likakanusha, kwa mshindo wa ngoma za mwami, mfalme wa kale.

"Maini ya nani?" Mama Mwanvua alikuwa amekwisha kufika na kikombe cha uji. "Fungua kinywa, papa."

Kikombe kikaisha. Bila kufumbua macho, Ildephonse akanyoosha mkono apewe kingine. Cha tatu alikishika kwa mikono miwili, wala hakupumua hadi mwisho.

Assia akanyoosha kidole, kama darasani.

"Madame, diregiteri amekunywa. Sasa na sisi tunaruhusiwa kuwa na njaa?"

Madame akaitikia kwa kichwa. Loo! Sufuria ilizingirwa! Yule wa ng'ombe na mkia wake tulimkuta akilamba mwiko.

Uji ukabaki Bwiza. Madame alitangaza palepale: kila mtoto atapata kikombe kimoja asubuhi, kisha mchezo, na wajawazito wa mtaa nao waje, wao vikombe viwili.

Diregiteri alijiinua, akajifuta vumbi, akakohoa kidogo. "Na... utawala?"

"Shirika haina fungu ya madiregiteri," alisema Madame. "Kuna fungu ya batoto, na fungu ya bamama wajawazito. Chagua."

Ildephonse alitazama mbinguni. Tuliona midomo yake ikipiga hesabu: kimoja... viwili...

Jumatatu asubuhi tulimkuta kwenye benchi nje ya ofisi, tai imenyooka, amebanwa katikati ya wajawazito wa Bwiza, vikombe viwili vya plastiki mapajani. Mama Mwanvua alifika na sufuria, akasimama, akamtazama tumbo kwa makini kama mkunga.

"Hongera, papa! Uko na miezi ngapi?"