Mgongo wa Mwalimu wa Kubeba Magunia

Sekei, Arusha
9 Julai 1956

Kwa Bwana Shamba Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima nikiwa kitandani. Mimi ni Aminieli Sumari, yule uliyempeleka kwenye mafunzo ya siku tatu ya kubeba mizigo bila kuumiza mgongo, ili nirudi kuwafundisha wakulima wanaoleta kahawa ghalani. Jumamosi utakuja kunikagua nikiinua gunia mbele ya watu. Nikifaulu, mimi ni mwalimu. Nikishindwa, narudi kuchambua buni na wazee. Basi naleta malalamiko yangu mapema.

1. Mke wangu Penina anadharau elimu. Nilimwita uani nimweleze: magoti yakunjwe, mgongo unyooke, mzigo ukae karibu na mwili. Yeye alikuwa anatoka mgombani, mkungu wa ndizi kichwani. Alisikiliza somo zima bila kuutua, kisha akauliza kama nimemaliza.

2. Saa ya somo, wanawake hupita mbele ya ghala na mizigo yao, na wanafunzi wangu, wanaume kumi na wanne, huwatazama wao. Ifahamike kwamba huku kwetu mwanamume habebi mkungu. Akionekana nao atachekwa mwaka mzima. Hata kahawa yetu hufika ghalani juu ya vichwa vya wake zetu. Ndiyo maana mafunzoni tuliitwa wanaume tu. Mizigo wanayo wao, utaalamu tunao sisi. Ni utaratibu mzuri, ila unahitaji kulindwa.

3. Sasa mgongo wenyewe. Jumanne nilijizoeza na gunia. Lilikuwa tupu, nakiri. Lenye kahawa nilipanga kulianza Alhamisi. Nilikunja magoti kama kitabu kinavyosema, lakini kitabu hakisemi mtu anayakunjuaje. Tangu hapo natembea nimeinama. Vijana wananiamkia kama babu yao, na mchungaji amenisifu kwa unyenyekevu. Nina miaka thelathini na mmoja, Bwana, na naona aibu.

Kwa hiyo naomba Jumamosi wanawake wakatazwe kubeba chochote hadi jua lizame, na mtihani wangu uwe wa maneno matupu. Ikilazimu gunia liwepo, nilikute limekwisha kuinuliwa.

Wasalimie makarani wote wa ofisi yako, na mama wa nyumbani kwako, pamoja na farasi wako.

Ni mimi mtiifu wako, niliyeinama,
Aminieli Sumari

Nyongeza: Nilikuwa nimekwisha kuifunga barua hii. Leo asubuhi Penina amenibeba mgongoni mteremko mzima hadi kwa mganga wa zahanati. Njiani nilimkagua, maana ndiyo kazi yangu. Alikunja magoti, akanyoosha mgongo, akanibana karibu na mwili. Hakukosea hata kidogo. Nilimuuliza ni nani aliyemfundisha. Akasema ni mama yake, yeye Penina akiwa na miaka sita, na kwamba ninyamaze nisimkate pumzi. Tafadhali futa yote niliyoandika hapo juu. Jumamosi mkague yeye, na kazi mpe yeye. Mgongo wangu ukinyooka, mkungu wa nyumbani nitaubeba mimi, na wacheke.