Kielelezo Aenda Nane Nane

Jumatatu, 28 Julai 1997

Kibondo. Baridi asubuhi, vumbi jekundu mpaka ndani ya chai. Nimempima Kielelezo kiunoni kwa kamba. Kamba haikutosha. Nimeunga nyingine. Siku njema sana.

Niandike wazi kwa faida ya watakaosoma maisha yangu baadaye. Mimi Nathaniel, bwana mifugo, mzaliwa wa Mpwapwa, nimemkuza nguruwe mkubwa kuliko wote waliowahi kuonekana mkoa huu. Nilimchukua akiwa kitoto dhaifu, mama yake amemkataa. Nikamlisha kwa utaalamu wangu mwenyewe: machicha ya pombe, vumbi la dagaa, maganda ya ndizi, na kitu kingine ambacho sikitaji hata hapa. Leo akisimama bandani, mwanga haupiti. Sijampa jina. Watu wa sayansi hawatoi majina. Kielelezo ni cheo.

Ijumaa ya wiki ijayo ni Nane Nane, maonyesho ya wakulima, Kasulu. Mwaka jana alishinda Stanislaus, bwana mifugo wa huko, kwa mbuzi. Mbuzi wa kawaida kabisa, ila alikuwa ameogeshwa. Sasa kiti cha Afisa Mifugo wa Wilaya hapa kwetu kiko wazi, mzee amestaafu, na Stanislaus anakitamani. Hatakipata. Nimeanza mazoezi ya sahihi mpya, yenye mkia mrefu.

Machicha nayapata kwa jirani yangu Mama Theodosia, mpika pombe. Alikuja kutoka Burundi akiwa msichana, sasa ni raia, ana shamba na wajukuu wengi. Mimi nikisafiri, yeye ndiye humlisha Kielelezo. Leo kaniambia kwamba nguruwe wangu analia mchana kutwa, kwamba hata mnyama anataka mwenzake. Nimemweleza kuwa upweke huongeza uzito. Akasema kwao upweke huongeza wazimu. Huwezi kubishana na mtu asiyesoma.

Jumatano, 30 Julai

Nimerudisha kitabu cha Mwalimu Elieth. Elieth anafundisha Kiingereza sekondari, kaletwa huku kutoka Same, na ana macho ya mtu anayesahihisha. Kitabu ni riwaya ya zamani ya Wazungu, ya kutisha. Kijana msomi anajifungia chumbani, anaunga viungo vya maiti, anaunda mtu mkubwa wa kupita kiasi na kumtia uhai. Nilisoma mpaka kiumbe kinafumbua macho, nikafunga kitabu. Niliona yanatosha. Kijana alitaka jambo, akalipata.

Elieth akauliza kama niliona msomi alivyofanya baada ya hapo. Nikasema bila shaka alipandishwa cheo. Akasema hapana, alikimbia. Alikitazama alichokiumba, akakiogopa, akatoka nje, na kiumbe kikabaki duniani bila mtu, kikamfuata kikidai angalau mwenzi. Alinyimwa. Watu wengi wakafa. Akasema wanafunzi wake wamebishana wiki nzima nani jitu hasa, aliyeumbwa au aliyeumba.

Nilimwambia kosa la yule msomi liko wazi. Alikaa na kitu chake chumbani. Mimi ningekipeleka Nane Nane.

Elieth alinitazama, akasahihisha kwa macho, akaondoka.

Ijumaa, 1 Agosti

Siku mbaya. Nimetoka Kitahana kuchanja ng'ombe, nimekuta banda halina ukuta wa mbele. Kielelezo alikuwa amelala uani kwa Mama Theodosia, amejaa, anatabasamu. Alikuwa amekula muhogo wote wa mama huyo ulioanikwa. Makopa ya msimu mzima, pamoja na mkeka.

Mama Theodosia alinikuta ofisini. Alikaa kwenye benchi, akafunga kanga vizuri.

"Bwana Mifugo, nimekuja kushtaki."

Nikafungua daftari la ofisi. Nikamuuliza ni mnyama gani, amefanya nini, na mwenye mnyama ni nani.

"Mwenye mnyama ni wewe."

Nilimweleza kwa upole kwamba Kielelezo ni jaribio la kitaalamu, kwa hiyo malalamiko juu yake huenda serikalini. Hapa Kibondo, kwa upande wa mifugo, serikali ni mimi. Nimeyapokea malalamiko. Nitachunguza. Nikimaliza nitajijulisha.

Hakucheka. Alisema ule muhogo ulikuwa chakula cha wajukuu wake hadi mvua, na kwamba serikali ije jioni iwaangalie usoni. Halafu akasema jambo la ajabu: nguruwe hana kosa. Alivunja banda kwa sababu alisikia jike la watu likipita barabarani. Mtafutie jike, akasema, atatulia.

Nililifikiria kwa dakika kadhaa. Jike moja, watoto kumi, kila mmoja mkubwa kama tangi la maji. Wilaya ingekwisha. Nimekataa kwa niaba ya vizazi vijavyo. Nimejenga ukuta upya kwa magogo.

Kuhusu muhogo, nitalipa nikishapandishwa cheo. Hilo sikumwambia, lisije likaonekana ahadi.

Jumatano, 6 Agosti

Kasulu, nyumba ya wageni. Nimefika. Mimi nimefika.

Tulipanda lori la Reverien, dereva mtaratibu anayesali kila kona. Nyuma walikaa wakulima wa Kitahana na ndizi zao za maonyesho, Mama Theodosia na mikeka yake ya kuuza, na Kielelezo. Mimi nilikaa mbele kwa sababu ya cheo. Tangu tuondoke Kielelezo alilia. Alipotulia, Reverien akasema sasa ndipo anapoogopa, maana nyuma kimya. Kielelezo alikuwa anakula ndizi za maonyesho. Wakulima walimsogeza upande mmoja, lori likaanza kwenda kiupandeupande kama mlevi aliyebeba ndoo.

Rungwe Mpya tulisimama kunywa chai. Nikiwa na kikombe mkononi nilisikia mbao zikipasuka, halafu mshindo, halafu mwanamume akipiga yowe kwamba kuna kiboko katika maharage yake. Watu wakakimbilia huko. Wakaanza kuulizana nguruwe huyu ni wa nani.

Nitaandika ukweli, hakuna anayesoma. Nilitaka kusimama. Miguu haikutaka. Niliona maharage yanavyolala chini safu kwa safu, nikaona mwenye shamba ana panga, nikaona barua ya kupandishwa cheo ikiruka na kwenda zake. Nikaendelea kunywa chai. Halafu nikapanda lori na kumwambia Reverien twende.

"Na mnyama wako, Bwana Mifugo?"

Nikasema sayansi ina hasara zake.

Reverien alisali kidogo, akawasha gari. Wakulima walifurahia kubaki na ndizi zao. Mama Theodosia alishuka na mikeka yake. Alisema atakuja kwa miguu kesho, hawezi kumwacha kiumbe porini akimtafuta mtu. Nilijisikia mwepesi mpaka Kasulu. Sasa hivi si mwepesi sana. Nadhani ni chai.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekwisha andikishwa kwenye maonyesho, kwa hiyo nina banda na sina nguruwe. Nimeazima ubao. Nimeandika: NGURUWE MKUBWA KULIKO WOTE. Chini yake, kwa herufi ndogo: Hayupo.

Stanislaus kapita na mbuzi wake mpya, kamwogesha tena. Alisimama, akasoma ubao, akasoma tena. Akasema kwa kweli hajapata kuona nguruwe mtulivu namna hii. Watu wakacheka. Nikawaambia nguruwe wa aina hii haonekani kwa macho ya kawaida. Jioni mzee mmoja akaleta mgonjwa wake aombewe.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Niandike kwa mpangilio.

Mgeni rasmi alifika saa nne na msafara. Alikagua mihogo, akaonja asali, akamsifu mbuzi wa Stanislaus. Alipokaribia banda langu, umati ukapasuka katikati. Alikuwa anaingia Kielelezo. Shingoni kamba. Mbele yake Nduwayezu, mwenye maharage wa Rungwe Mpya, amebeba panga. Pembeni Mama Theodosia, anamsemesha mnyama Kiha polepole kama mtoto aliyeamshwa.

Nduwayezu akauliza kwa sauti mnyama huyu ni wa nani.

Nikasema simjui.

Stanislaus akasema, bwana wee, si ndiye huyu wa kwenye ubao? Nikasema yule hayupo, imeandikwa. Mkulima mmoja wa Kitahana akasema nilikuwa naye lorini. Nikasema mimi nilikaa mbele, sijui habari za nyuma.

Banda la tatu kutoka langu ni la kuku. Jogoo akawika. Wakatoliki wote wakanigeukia. Niliona ni kukosa adabu, kwa upande wa jogoo.

Kielelezo ndiye hakuwa na shaka. Aliniona, akatoa mlio ambao sijawahi kuusikia akiutoa bandani, akamburuta Nduwayezu mpaka kwangu, akaweka kichwa chake chote juu ya viatu vyangu. Akafumba macho. Nilijaribu kutoa mguu. Haukutoka.

Mgeni rasmi akashika kiuno akimwangalia. Akasema tangu azaliwe hajaona mfugo wa namna hii. Akasema, hapohapo, zawadi ya kwanza, baiskeli mpya, iende kwa mwenye nguruwe huyu, kama yupo.

Kinywa changu kilifunguka chenyewe.

"Ni wangu. Nimemlea mwenyewe tangu mchanga."

Makofi. Nikashikishwa baiskeli. Nikamwona Stanislaus akikunja uso, dakika tamu kuliko zote za maisha yangu. Ilikuwa moja.

Nduwayezu akapanda jukwaani na mche wa maharage uliosagika. Mama Theodosia akafuata. Hakupiga kelele. Akamwambia mgeni rasmi kuhusu muhogo, na wajukuu, na serikali iliyopokea malalamiko na kufunga daftari. Watu wakanyamaza. Hata mimi nilinyamaza, na nilikuwa na mengi ya kusema.

Mgeni rasmi akaniuliza kama bado nguruwe ni wangu. Nikasema suala hilo linahitaji uchunguzi. Akasema limekwisha chunguzwa. Baiskeli ikaenda kwa Nduwayezu. Kielelezo akaenda kwa Mama Theodosia, awe mali yake badala ya muhogo, na mimi nimpelekee magunia ya mahindi kutoka shambani kwangu hadi mvua. Kile cheo hakikutajwa. Nilikitaja mimi. Akasema ameshanielewa.

Jumapili, 10 Agosti

Nimerudi Kibondo. Mama Theodosia amemwekea Kielelezo jike, amewajengea banda pana chini ya migomba. Halii tena. Amempa na jina. Anasema kwao mtoto asiyekubaliwa na baba hupewa jina la baba, ili baba akumbuke. Tangu asubuhi nasikia ng'ambo ya ua: Nathanieli ondoka kwenye maboga. Nathanieli umechafuka. Nathanieli hebu mpishe mwenzako ale.

Nimepeleka gunia la kwanza. Wajukuu walilipokea, wakaniamkia shikamoo vizuri. Nilichungulia bandani. Aliinua kichwa, akaniangalia kwa muda. Kisha akarudi kula na jike lake.

Nilibanwa kifuani njia nzima ya kurudi. Nitapunguza maharage.

Elieth alikuja kunipa pole. Akauliza taratibu kama sasa naelewa mwisho wa kile kitabu. Nikasema naelewa sana. Yule msomi alichagua kiumbe chenye moyo wa kung'ang'ania watu. Kosa la aina, si la mfugaji. Akaomba maji ya kunywa.

Jumamosi, 16 Agosti

Siku kubwa. Nimeonana na Havyarimana, mfanyabiashara wa kambi ya wakimbizi mwenye kujua kila kitu kinakopatikana. Ametoka mto Malagarasi. Ana mayai ya mamba, yamefunikwa mchanga ndani ya kapu, mazima kabisa. Ngozi ya mamba huvaliwa na wakubwa wa dunia nzima. Stanislaus na mbuzi wake watanitambua.

Havyarimana, ambaye ni mwoga, aliuliza nani atawalea wakishaanguliwa. Nikamwambia huo ndio uzuri wa mamba: hapendi, hapendwi, hujilea mwenyewe. Tumeelewana. Kesho baada ya misa nachimba bwawa. Nimepata mahali pazuri, penye maji na kivuli, nyuma tu ya shule ya msingi.