Mtihani Wangu Aliufanya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri. Usingizi: haukutosha. Chai: nusu nimekunywa, nusu iko kwenye shati. Hali ya jumla: si ya kuridhisha.

Chuo kimebandika orodha ya mahudhurio. Nimekosa Jumamosi tatu. Nilidhani moja! Mhadhiri kapiga mstari mwekundu chini ya namba yangu na kuandika pembeni kwamba nikikosa ya nne sifanyi mtihani wa mwisho, narudia mwaka mzima. Nimesoma mara mbili nikiwa nimesimama. Mara ya tatu nilitafuta kiti.

Sikuzikosa kwa uvivu. Ya kwanza nilitoka zamu ya usiku, nikajiegesha kidogo, nikaamka saa tisa alasiri. Ya pili ni hivyohivyo. Ya tatu sitaki kuiandika hata humu.

Mke wangu hajui. Naye ni muuguzi, yuko kliniki ya mama na mtoto, ana stashahada kama mimi. Tulikubaliana mmoja asome shahada kwanza huku mwingine akibaki na watoto Jumamosi, halafu tubadilishane. Nikatangulia mimi, kwa hoja kwamba nimemzidi miaka miwili. Fomu yake ya kuomba chuo imekaa kabatini chini ya mashuka, huu mwaka wa tatu. Juzi kaitoa, kaikung'uta, kauliza namaliza lini. Nikasema Juni, bila wasiwasi wowote. Kairudisha taratibu, akaifunika kwa shuka kama mtoto aliyelala.

Jumamosi hii lazima niwe darasani, potelea mbali litakalotokea.

Jumanne, 4 Machi

Njama imekamilika. Nimeshangaa mwenyewe jinsi nilivyo na akili.

Ratiba ya zamu hupangwa na kiongozi wa wodi yetu. Tunamwita Mama Rula, kwa sababu hata daftari lenye mistari yeye huichora upya. Mezani pake kuna daftari la maombi. Unataka kupumzika siku fulani, unaandika siku na sababu, anakupa. Wenzangu wote hufanya hivyo. Mimi sidanganyiki. Nikiandika kwamba nina masomo, atajua nasoma shahada. Akijua nasoma shahada, atajua nakimezea mate kiti chake. Anastaafu Julai, na uongozi ulishasema kiti kitakwenda kwa mwenye shahada. Nimemficha karibu miaka mitatu. Vitabu vyangu huingia wodini ndani ya mfuko wa mboga.

Basi nimemwendea kwa upole, nikamwambia naona mgongo unamsumbua, niachie mimi ratiba ya mwezi huu. Kanitazama muda mrefu. Kasema alishaanza, rasimu iko kwenye droo, niichukue niimalizie. Nikasema hapana, nitaanza upya, yeye apumzike kabisa. Akanikabidhi rula yenyewe. Miaka kumi na minne nipo hapa, sijawahi kuona mtu mwingine akiishika.

Jumamosi, mimi: mapumziko. Jumamosi, Kalamu Nne: zamu ya asubuhi. Kalamu Nne ni mwenzangu wa wodi na wa darasa. Mfukoni ana kalamu za rangi nne na hajakosa kipindi hata kimoja tangu tuanze. Kumwona akikosa kimoja kutanipa siha kuliko vitamini.

Alhamisi, 6 Machi

Siamini.

Kalamu Nne aliandika kwenye daftari la maombi mwezi mmoja uliopita. Kwa wino wa kijani. Jumamosi tarehe nane, chuo. Neno chuo kaliandika waziwazi, halafu Mama Rula akatia sahihi na kumtakia masomo mema. Mtu ana siri yake anaianika hivyo, na hakuna kilichompata!

Mama Rula kamfuta kwenye zamu niliyompangia. Pengo likabaki. Kisha kwa sauti ya kawaida kabisa akanikumbusha kanuni ya wodi: zamu ikikosa mtu, anaingia aliyepanga ratiba. Nikabisha. Akaninyooshea kidole ukutani, juu ya sinki. Karatasi ipo pale tangu siku naanza kazi. Nimenawa mikono chini yake maelfu ya mara.

Jumamosi asubuhi nipo zamu. Nimejipalia makaa mwenyewe, tena kwa rula ya kuazima.

Ningeweza kumweleza yote palepale. Mdomo ulishafunguka. Nikauliza kama dawa za saa sita zimeletwa.

Nimerudi nyumbani nimenywea. Jikoni nimemkuta shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, kalala chini ya sinki. Ni fundi bomba, ana miaka hamsini na moja na ni mtu wa maneno machache. Nikamtazama vizuri alipoinuka. Kimo chetu kimoja. Upana, karibu. Darasa letu lina wauguzi mia na kumi kutoka hospitali mbalimbali, na nusu yao husinzia. Aingie, aandike namba yangu, atie sahihi, akae nyuma, anyamaze. Kunyamaza ndiyo fani yake ya pili.

Kakataa. Nikambembeleza. Kakataa tena. Nikamwambia basi, mimi sijali, ila nikirudia mwaka atakayeumia ni dada yake, maana fomu itaendelea kulala kabatini. Hapo aliinamisha kichwa akafuta spana yake kwa kitambaa muda mrefu, akakubali. Nilijisikia vibaya kwa dakika mbili hivi.

Kauliza akiulizwa swali ajibu nini. Nikamwambia aseme inategemea hali ya mgonjwa. Hilo hujibu karibu kila kitu katika uuguzi.

Jumamosi, 8 Machi

Wagonjwa ishirini na wawili. Muuguzi wa zamu: yupo kimwili tu.

Saa nne Shemeji hajapiga simu. Saa sita hajapiga. Saa nane kapiga, kaomba radhi, kasema kachelewa kwa sababu ya mtihani.

Nikamuuliza mtihani gani.

Mtihani wa vitendo. Bila taarifa. Asilimia thelathini ya alama za somo zima. Niliketi kwenye kitanda cha karibu, na mgonjwa aliyekuwamo akasogea pembeni kunipisha. Kila mtu alivalishwa kofia, barakoa na gauni, macho tu nje. Mtahini katoka chuo kingine, hajawahi kuniona maishani mwake. Kazi: kunawa mikono, kuvaa glavu, kisha kumwekea sanamu la mazoezi mpira wa mkojo.

Nikamuuliza alitorokea mlango gani. Kasema hakutoroka, kwa kuwa nilimwambia akae mpaka mwisho. Walianza wengine wanane, akawatazama kwa makini, akaona ni shughuli ya mabomba tu. Kanawa mpaka viwikoni, kwenye kucha na katikati ya vidole, kama anavyonawa kila siku akitoka kwenye mitaro ya watu. Kisha kamwambia mtahini kwamba yeye haingizi mpira wowote kabla ya kujua maji yanakwenda wapi, akaunganisha mfuko wa mkojo kwanza. Mtahini akaandika kitu kirefu. Akamuuliza angechagua mpira wa ukubwa gani. Shemeji akajibu inategemea hali ya mgonjwa.

Kapata tisini na mbili. Ameongoza darasa zima!

Mimi alama yangu ya juu kabisa ya vitendo, tangu nizaliwe, ni sitini na moja. Sikujua nicheke au nilie. Nilikwenda stoo ya mashuka nikafanya vyote viwili.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari kwa kina. Namba ni yangu, kwa hiyo alama ni zangu. Ukiliangalia vizuri, Shemeji alikuwa mkono tu.

Nilipanga kunyamaza. Wakati wa chakula cha mchana ulimi ukaniponyoka, nikamwambia mke wangu nimeongoza darasa. Aliweka sahani chini akanikumbatia mbele ya watoto. Kasema siku zote alijua naweza. Shemeji naye alikuwapo mezani. Hakuinua macho kutoka kwenye bakuli lake, na alipoongezewa mchuzi alisema ameshiba, kitu ambacho hakijapata kutokea.

Baadaye mke wangu kaitoa fomu kabatini, kaketi kitandani, kaanza kuijaza kwa penseli. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Kituo cha kazi. Huku akiimba kwa sauti ya chini. Nilisimama mlangoni nikitaka kumwambia, na ninaapa maneno yalishafika kwenye meno. Nikamwambia atumie kalamu, penseli hufutika.

Jumanne, 11 Machi

Hali ya jumla: ya dharura.

Saa tatu asubuhi mhadhiri na yule mtahini wameingia wodini, nyuma yao wanafunzi sita wa uuguzi. Walikuja kumtembelea aliyepata tisini na mbili. Walitaka awaonyeshe wanafunzi kazi yake. Walikuja na sanamu lao kabisa, limebebwa kwenye kiti cha magurudumu, limefunikwa shuka kwa heshima. Mama Rula uso ulimchanua. Kalamu Nne alikuwa ameshavuta kiti mbele. Hapo nikaelewa kwamba Jumamosi alimwona Shemeji kabla ya barakoa, akanyamaza makusudi, apate burudani ya daraja la kwanza.

Nikafungua bomba. Nikanawa kama ninavyonawa siku zote nikiwa na haraka, yaani sekunde sita. Nikalifunga kwa mkono uleule niliotoka kuunawa. Mwanafunzi mmoja alishtuka mpaka akaziba mdomo. Glavu ya kushoto nikaivaa kulia. Mpira ukaingia, hilo niseme, uliingia vizuri. Mfuko ndio niliusahau. Maji yote waliyolijaza sanamu yakaishia kwenye viatu vya mtahini.

Mtahini kasema, taratibu kabisa, kwamba huyu siye. Yule wa Jumamosi alikuwa na viganja vigumu vya mtu wa kazi, tena alikuwa mtulivu. Mhadhiri kaniuliza nina maelezo gani. Sijui nini kilinituma. Nikasema inategemea hali ya mgonjwa.

Hakuna aliyecheka. Hata Kalamu Nne. Nafikiri aibu yangu ilimzidi hata yeye.

Mama Rula kaniita ofisini. Nilitegemea moto. Kafungua droo, katoa karatasi, kaiweka mbele yangu. Ile rasimu yake ya ratiba, niliyoikataa. Jumamosi tarehe nane: mimi, mapumziko. Jumamosi inayofuata: mimi, mapumziko. Zote za mwezi, na pembeni kaandika: hivyohivyo mpaka Juni! Chuo humtumia barua kila muhula ya kumweleza nani anasoma siku zipi. Anajua tangu siku ya kwanza. Barua ya kupendekeza nipokewe chuoni, ambayo mimi nilidhani imetoka utawala, aliiandika yeye. Na mwezi uliopita, uongozi ulipomuuliza nani amrithi wodini, alitaja jina langu. Kesho atakwenda kulifuta.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Kasema alikuwa akisubiri nimwambie mimi.

Jioni Shemeji kaja nyumbani akiwa amevaa shati la kwendea harusini. Hakuketi. Kamwambia dada yake kila kitu, mbele yangu, tangu sinki la jikoni mpaka sanamu, kisha kamwomba msamaha kwa sehemu yake. Mke wangu alimsikiliza mpaka mwisho. Akamkaribisha chai. Mimi hakunikaribisha.

Alhamisi, 13 Machi

Barua ya chuo imefika. Alama: zimefutwa. Mahudhurio ya tarehe nane: yamefutwa, kwa hiyo nimetimiza nne. Sifanyi mtihani. Nikitaka kurudi, narudia mwaka. Hawajanifukuza kwa sababu Mama Rula kawaandikia kuniombea. Sikumwomba. Sijui mwanamke huyu ameumbwa kwa nini. Shemeji naye aliitwa chuoni, akakiri yote mkono ukiwa kifuani. Walimsamehe, halafu wakamwomba aangalie sinki za maabara.

Mke wangu hajapiga kelele, na hilo limenitisha kuliko kelele. Jana alichukua ruhusa ya nusu siku, akaipeleka fomu chuoni kwa miguu yake. Muhula ujao anaanza. Kasema Jumamosi zote kuanzia hapo watoto ni wangu, na mwaka wangu nitaurudia yeye akishavaa joho. Nikajaribu kuingiza neno. Kasema miaka mitatu aliningoja nipite, naye akajifunza kukaa kimya, na kwamba kilichomuuma si mtihani, ni siku ile nilipomwambia atumie kalamu. Nililia kweli, bila stoo ya mashuka.

Leo asubuhi, akivaa viatu, kaniambia anataka kitu kimoja tu kutoka kwangu. Barua. Nimwandikie kwa mkono wangu, maneno yangu mwenyewe, nieleze nilichofanya na ninachokijutia, hata kama ni mistari mitano. Aikute akirudi. Ataiweka kabatini palipokuwa na fomu.

Ombi la haki kabisa. Nimeketi kwenye meza ya wauguzi tangu saa mbili. Nimeandika mpenzi mke wangu, nikafuta mpenzi, nikalirudisha. Baada ya hapo mambo yakawa mazito. Nikaandika hali ni ya wastani, inaendelea kufuatiliwa. Nikachana.

Halafu nikamkumbuka mgonjwa wa kitanda cha saba, karani mstaafu wa mahakama. Mguu umefungwa plasta, mikono haina kazi. Ana mwandiko wa kupendeza, na kwa umri wake majuto anayo ya kutosha. Nimemweleza jambo lenyewe kwa kifupi. Ameshafika ukurasa wa pili na hajakata hata neno moja. Nimechungulia aya ya kwanza, machozi yakanilengalenga.

Sahihi nitaweka mwenyewe. Kuna mambo ambayo mwanamume hapaswi kumwachia mtu mwingine.