Ombi la Kutambuliwa Rasmi kuwa Demu wa Mpiga Ngoma

Leeds, 9 Mei 1996

Kwa Ndugu Mhariri wa gazeti la muziki ninalolinunua kila Jumatano baada ya kuapa sitalinunua tena,

Mimi ni Maxine Thwaite. Napiga gitaa, naimba na kutunga nyimbo zote za bendi yetu, Paka wa Jumanne. Craig hupiga ngoma. Naandika kwa unyenyekevu kuomba cheo.

1. Alhamisi iliyopita baunsa alinizuia mlangoni, kwenye onyesho letu wenyewe, gitaa likiwa mgongoni. "Wewe demu wa nani?" Nikamwambia mimi ndiye mwimbaji. "Na mimi ndiye Malkia," akasema. Karatasi yake iliandikwa: Craig na mwenzake. Haya, nikasema, mimi demu wa Craig. "Si ungesema mapema, mrembo!" Nikapita. Miaka saba ya kupiga gitaa ilikuwa imeshindwa kufungua mlango huo.

2. Fundi sauti alimuuliza Craig gitaa langu lisikikeje. Craig akajibu, "Liwe kubwa kubwa hivi." Likawa kubwa kubwa hivi.

3. Mwandishi wako Darren alimhoji Craig kuhusu nyimbo nilizotunga mimi. Mimi aliniuliza nalala na nguo gani. Nilipokasirika akasema, "Tulia basi dada, utani tu." Siku hizi kila tusi ni utani, na asiyecheka ndiye mkosaji.

4. Miaka mitano iliyopita, waliosimama mbele ya jukwaa walikuwa wasichana wenye mabuti, wakijua kila neno la kila wimbo. Kisha ukaja huu usela. Sasa mbele ni masela wenye jezi, wanaimba nyimbo za mpira juu ya zangu, wanarusha bia na kupiga kelele, "Vua! Vua!" Wasichana wako nyuma, wameshika makoti ya wapenzi wao. Nawachukia masela hao, na wewe unayewaita sauti ya taifa nakuchukia zaidi, kwa heshima zote.

5. Tamasha la Agosti limetukataa kwa kuwa bendi inayoongozwa na mwanamke "tayari wanayo moja". Mademu, nasikia, idadi yao haina kikomo.

Kwa hiyo naomba kitambulisho cha udemu chenye muhuri wako. Wanawake wengine wenye bendi nao wagawiwe wanaume, na orodha ichapwe kila wiki, ili mabaunsa wasisumbuke.

Nisalimie Darren, wapiga picha, na mama anayewapikia chai, ambaye nashuku ndiye pekee hapo mwenye masikio.

Wako ambaye subira inamwishia,
Maxine Thwaite

Tanbihi: Nikiwa natafuta stempu, mpiga picha wako amepiga simu. Jalada la wiki ya kwanza ya Juni, mimi peke yangu, fulana iliyokatwa juu ya kitovu, bia mkononi. Gitaa libaki nyumbani, eti linaziba mwili. Anasema watu wa tamasha wameahidi kuwa picha ikitoka, tunapanda jukwaani. Nimekubali. Navaa saizi kumi. Ila mpwa wangu Josie, mwenye miaka kumi na tatu, alianza gitaa Krismasi kwa sababu yangu, naye hulisoma gazeti lako. Wiki hiyo nakuomba lisifike Halifax, anakoishi.