Shuka la Lidia Lililokataa Kulala

Jumatatu, 8 Desemba

Hili sijamwambia mtu: shuka la Lidia nimeliharibu mimi. Shuka la kitanda, vipande vya vitenge, zawadi ya binamu yangu huyo kwenye sendofu yake Jumamosi, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Katikati limetulia. Pindo zote nne zinapanda na kushuka kama barabara ya Kabungu wakati wa mvua. Utepe wa pindo sikuupima. Nilikuwa nauvuta tu, nashona, nakata shuka linapoishia.

Shangazi Gaudiose, fundi wetu, ana cherehani ya pili. Amesema atakayefanya kazi nzuri wiki hii ataikalia. Wanafunzi wake tupo wawili: mimi na Nyanzala, anayeshona mashati ya kwaya. Namchukia kimyakimya.

Jumanne, 9 Desemba

Pasi ya mkaa juu ya kitambaa chenye maji. Fsssss! Limelala! Nimeshangilia moyoni, kwa sauti naona aibu. Lilipopoa likainuka tena. Shangazi akauliza toka uani kama nilipima. Nikasema ndiyo. Hakuuliza nilipima nini.

Jumatano, 10 Desemba

Jirani yetu, mzee Malale, anawamba ngozi ya ng'ombe nyuma ya zizi. Vigingi pande zote, jua, na ngozi inakaa bapa kama meza. Ngozi ya ng'ombe mzima! Kitenge ni nini? Nikaomba vigingi kwa sauti ndogo sana. Akauliza tumechinja lini na mbona hakualikwa. Nikasema ni ndama tu.

Alhamisi, 11 Desemba

Nimeliwamba nyuma ya choo. Maji kidogo, vuta, gonga. Bapa! Nimelitazama kama mama mzazi.

Ikanyesha. Kisha mbuzi wakapita juu yake. Nimeling'oa: pindo zimevutika zaidi, zina matundu, na alama ya ukwato imetulia juu ya ua jekundu. Jioni Malale akaja kumuuliza Shangazi kuhusu nyama.

Ijumaa, 12 Desemba

Shangazi amejua yote. Kalitandika mezani.

"We Emelyne, hili ni shuka au sketi ya marinda?"

Nyanzala akacheka mpaka akakalia pini. Vizuri!

Shangazi kalifua, kalikausha, kafumua pindo zote. Akapima shuka kwa kupita katikati, maana ukingo huvutika. Akakata utepe kwa kipimo hicho, akaubana kwa pini pande zote, akampa Nyanzala ashone. Limelala kama karatasi. Akaniuliza kama nimeelewa. Nimeelewa.

Jumamosi, 13 Desemba

Sendofu. Vigelegele. Lidia kalikumbatia shuka, akatoa machozi. Nyanzala kapewa cherehani. Mimi nimepewa kazi ya kushona vifungo.

Nilihuzunika mpaka sahani ya pili ya wali. Hapo nikagundua: lile shuka lilikubali kwa sababu nilikuwa nimeshalichosha. Kazi yangu, cherehani ya Nyanzala!

Nimejitolea kumshonea padri kitambaa cha altare. Shangazi ameniachia, nadhani kwa huruma. Futi ya kupimia kanipa. Sijaigusa, jicho linatosha. Upande mmoja umeshaisha. Pembe imeinuka kidogo, kama sikio la mbuzi. Ni unyevu tu.

Wewe uliyesoma hadi hapa, nakuomba: padri asijue.