Babu Ndekirwa, Mpanda Farasi

Jumapili, 15 Oktoba 2023

Nimefanya jambo. Sina hakika kama ni jambo zuri.

Leo tulikwenda Southall, mtaa mwingine hapa London, kwa wakwe. Ziara ya mwisho kabla ya harusi. Restuta, binti yangu wa pekee, anaolewa na Balwinder tarehe 28. Zimebaki siku kumi na tatu. Baba yake Balwinder ni Mzee Harjit, Singasinga wa Kisumu. Kiswahili chake kinatiririka kuliko changu. Ana duka la vitambaa lenye milango miwili. Mimi napanga maboksi ghalani Hayes, karibu na uwanja wa ndege. Ghala lina milango arobaini, hakuna hata mmoja wangu.

Ukutani kwao ipo picha ya babu yake. Kilemba, mkuki, farasi anayeng'aa. Alikuja Afrika Mashariki mwaka 1915 na kikosi cha wapanda farasi. Mzee Harjit aliieleza picha hiyo dakika ishirini. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, babu yangu mimi alikuwa nani.

Sebule nzima ikanigeukia. Nilikuwa na sambusa mdomoni. Nikawaza: mwanangu anakuja kuishi na watu hawa, na nyuma yake hakuna ukuta wowote wenye picha. Niliona uchungu wa kweli. Nikameza. Nikasema babu yangu Ndekirwa alikuwa mkulima kule Kilimanjaro, ila wakati wa vita alipanda farasi.

Siyo uongo mtupu. Marehemu baba alikuwa mwalimu wa shule, na alipenda kusema: Mzee alipanda sana wakati wa vita ya Mjerumani. Nimesikia kwa masikio yangu. Sasa mtu yuko vitani, atapanda nini kama si farasi?

Mzee Harjit alisimama akanikumbatia. Ameamua ukumbini zitundikwe picha mbili, za babu wawili, wapanda farasi wawili. Kutoka Southall hadi Hayes ni kituo kimoja tu kwa treni, lakini leo kilikuwa kirefu. Mke wangu Elieshi alitazama dirishani. Restuta alisema, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba miaka ishirini na tisa hajawahi kusikia habari za farasi.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimelala vibaya. Wakati wa chai Elieshi aliniuliza swali moja tu. Mwaka 1915, kwetu Kilimanjaro, nani alikuwa anatawala? Nikajibu, Mjerumani. Akarudi kuosha vyombo.

Nilielewa nikiwa kazini, boksi mkononi. Babu yake Harjit alipigana upande wa Mwingereza. Kama babu yangu alipanda farasi, basi alimpandia upande wa pili. Walikuwa wanarushiana risasi! Nimemfanya babu yangu adui wa wakwe, siku kumi na mbili kabla ya harusi.

Mpango: kumhamisha babu. Huenda alitoroka akajiunga na Waingereza. Wapo waliotoroka. Saa ya chakula niliandika historia yake nyuma ya karatasi ya mzigo. Anatoroka na farasi, mvua inanyesha, anavuka mpaka alfajiri. Niliguswa mwenyewe.

Jumanne, 17 Oktoba

Mzee Harjit amepiga simu kabla sijampigia. Amepata kumbukumbu za jeshi za babu yake. Alijeruhiwa pajani upande wa Longido. Aliyempiga risasi alikuwa adui aliyepanda farasi.

Kisha akasema, Bwana Telesphor, yawezekana ni mzee wako. Anataka kuisimulia ukumbini. Risasi ya miaka mia na zaidi, na leo vitukuu wanaoana. Karatasi yangu ya mzigo ilikuwa mfukoni, babu tayari amevuka mpaka. Nikamrudisha. Nikasema, yawezekana.

Nilimweleza Elieshi. Alisema hongera, Baba Restuta, jana babu alikuwa na farasi, leo keshapiga mtu.

Jumatano, 18 Oktoba

Restuta alikuja akitokea kazini moja kwa moja, hospitali kule Lewisham, sare bado mwilini. Hakukaa. Alisema tangu darasa la kwanza anapita nyuma yangu akisafisha maneno yangu. Alisema kama nitapiga kamba hata moja siku ya harusi yake, hotuba ya baba ataitoa mama.

Alisema yote hayo kwa Kiswahili. Restuta hazungumzi Kiswahili ila akiwa na homa au akiwa na hasira. Nilimgusa paji la uso. Halikuwa na homa.

Hotuba ile naitunga tangu ana miaka sita. Ninayo kwenye daftari tatu. Nimeogopa kweli. Nimemwahidi sitasema uongo. Kwa hiyo hakuna njia nyingine, lazima jambo lenyewe liwe kweli. Natafuta ushahidi.

Jumamosi, 21 Oktoba

Nimekwenda Kew, kwenye jengo la kumbukumbu za serikali. Wamenifungia koti kabatini na kuninyang'anya kalamu ya wino. Huko ni penseli tu. Yule dada wa mapokezi alikuwa na upole wa muuguzi anayejua majibu yako.

Nikaletewa orodha ya wapanda farasi wa adui. Majina yote niliyoyaona ni ya Wajerumani, wengi wao wenye mashamba. Nilimtafuta Ndekirwa kwenye N. Nikamtafuta kwenye D, huenda walimsikia vibaya. Nikamtafuta kwenye K. Saa tatu nzima, jasho linanitoka na humo ndani kuna baridi.

Mwafrika nilimwona mmoja tu, mlisha farasi, hana jina. Nilimtazama dakika kumi hivi nikifikiria kumchukua. Nani angejua? Kisha nikaona aibu. Naye ana wajukuu wake mahali, labda wanamtafuta. Nikafunga faili. Nikapanda basi lisilo langu, nikashtuka nimefika Richmond.

Jumatatu, 23 Oktoba

Siku tano. Mzee Harjit anataka picha, ukumbi wanapamba Ijumaa. Babu tunayo picha yake moja. Amekaa kwenye kiti, kofia magotini, anatazama kama mtu aliyeambiwa asipumue.

Nikawaza: tayari amekaa. Kinachotakiwa ni kutoa kiti na kuweka farasi. Nikaipeleka kwa Zulfikar mwenye studio, mtu wa Mombasa, hodari wa kompyuta. Sikumwambia ni ya nini. Nilisema ni mapambo.

Jioni nikaifuata. Farasi mzuri, mweusi. Tatizo ni miguu. Kwenye kiti miguu yote miwili inaning'inia mbele, kwa hiyo na juu ya farasi yote miwili iko upande mmoja. Babu amekaa kama bibi harusi kwenye baiskeli. Nilimuuliza Zulfikar kama anaweza kuuhamisha mguu mmoja. Alisema anaweza, lakini atabaki na kofia inayoelea hewani.

Elieshi aliitazama muda mrefu. Akaigeuzia ukutani, nyuma ya kabati. Hakuniuliza kitu. Ningependa angeuliza.

Jumatano, 25 Oktoba

Nimeokoka!

Severin, binamu yangu aliyebaki kijijini, nilimwomba juzi apite misheni. Mapadri wa zamani walikuwa na daftari la waumini, na aliyekuwa akiliandika alikuwa katekista wetu, kwa Kiswahili. Leo saa nne Severin amenitumia picha kwenye simu. Mwandiko mzuri wa wino. Nauandika hapa kama ulivyo: Ndekirwa, mkulima. Vitani, mpanda. Halafu linafuata dole gumba la Severin, limeziba karatasi. Upande wa pili wa dole linatokea neno askari.

Mpanda! Askari! Nilikaa chini pale pale ghalani. Machozi yalinitoka. Siku kumi najiona mwongo, kumbe nilikuwa mwanahistoria.

Ndani ya dakika moja nimemtumia Mzee Harjit, na Restuta. Restuta amejibu kwa alama ya moyo. Ya kwanza mwaka huu. Nimeitazama mara nyingi.

Alhamisi, 26 Oktoba

Niliandika mapema mno.

Saa moja asubuhi Mzee Harjit ameuliza kwa ujumbe: mpanda nini? Nikajibu, farasi, mkwe wangu, mtu vitani atapanda nini? Akauliza dole ni la nani. Nikajibu, la binamu. Akaomba namba ya binamu ili amshukuru. Sikuwa na sababu ya kumnyima. Nilizitafuta, sikuzipata.

Wamezungumza saa nzima. Severin ananiambia hajawahi kupata rafiki kama yule. Saa sita amerudi misheni na kupiga picha upya, safari hii dole likiwa mfukoni. Ametutumia wote watatu kwa pamoja, mimi, Harjit na Restuta. Ndekirwa, mkulima. Vitani, mpanda viazi vya askari.

Viazi. Baba alisema kweli tupu. Mzee alipanda sana wakati wa vita.

Nilizima simu. Nikafikiria kuumwa. Nikafikiria mgomo wa treni. Nikafikiria Restuta akiingia ukumbini na mama yake, mimi nimekaa nyuma pamoja na wapishi. Nilipanga maboksi juu chini hadi msimamizi wa zamu akanirudisha nyumbani.

Mzee Harjit alikuwa mlangoni ananisubiri. Peke yake, mwavuli mkononi. Nilianza kueleza, akaninyamazisha kwa mkono. Alisema tangu ile Jumanne hajalala. Alianza kwa furaha, lakini mkewe akamuuliza watakaaje meza moja na ukoo uliomwaga damu ya mzee wao. Alikuwa anaogopa kuniambia. Alisema, bwana, viazi ni habari njema kuliko zote alizopata mwaka huu. Akaingia ndani akanywa chai vikombe viwili.

Restuta alikuja jioni. Alikuwa ameisoma karatasi. Alicheka hadi akakaa sakafuni, kisha hakuwa anacheka tena. Alisema huyo ndiye babu anayemtaka. Alisema hotuba ni yangu, lakini niseme viazi. Viazi tu, Baba. Nikaapa.

Jumapili, 29 Oktoba

Ameolewa. Watu mia tatu, ukumbi Southall, wali wa kutosha. Picha ya babu ilikuwepo, ile ya kiti. Elieshi ndiye aliyeipeleka.

Kuhusu hotuba. Nimeamka mapema niandike wakati bado naikumbuka vizuri, kwa sababu ilikuwa hotuba kubwa.

Nilisema babu yangu hakumpiga mtu risasi. Alipanda viazi. Wakacheka. Nikasema, askari wa dunia nzima wanakula, na mahali fulani kuna mtu ameinama shambani tangu asubuhi ili wale. Huyo ndiye aliyemzaa mzazi wangu. Nami sina duka, sina ukuta wenye picha, nina binti huyu. Mzee Harjit akatoa leso. Sikuwahi kusema maneno ya kweli mengi hivyo kwa mara moja, na yalikuwa yananitoka bila shida.

Kiti kilikuwa nyuma yangu. Ningeweza kukaa.

Lakini watu walikuwa wananitazama vizuri mno. Nikatia chumvi kidogo. Viazi bila chumvi, nani anakula? Nikasema viazi vile vililisha askari mia tano. Makofi. Nikasema elfu tano. Makofi zaidi, na meza ya wapishi ikapiga vigelegele. Nikasema jenerali wa Kijerumani mwenyewe alivionja, akaweka uma chini, akamwandikia babu barua ya shukrani kwa mkono wake, yenye mhuri, na barua hiyo ipo hadi leo.

Ukumbi ulisimama. Mzee Harjit alinifuata pale pale mbele. Anataka barua iwekwe fremu, itundikwe kwake, pembeni ya farasi. Ameuliza iko wapi. Nimesema iko kwa Severin. Asubuhi hii nimemwandikia Severin, kumuuliza kama pale misheni zimebaki karatasi za zamani ambazo hazijaandikwa kitu.

Elieshi hajaamka. Au ameamka na hasemi. Uchovu wa harusi.

Jambo moja sitalisahau. Restuta alikuwa amenishika mkono tangu mwanzo wa hotuba, mbele ya watu wote. Amenishika kwa nguvu, kama alivyokuwa akinishika zamani tukivuka barabara. Nilipofika kwenye ile barua akaniachia. Alitaka kupiga makofi, bila shaka.