Nyota Moja kwa Bi Fundi

Jumatatu, 3 Machi

Mteja wangu mkubwa kaja ofisini asubuhi, hata kiti hakukitaka. Huyu ni Bwana Plasta, fundi wa miguu ya bandia. Jina lilimpata kwa sababu vidole vyake havijawahi kuonekana bila plasta. Alitaka kujua kwa nini mtu akiandika "mguu wa bandia" mtandaoni, wa kwanza kutokea ni Bi Fundi, mwenye karakana ng'ambo ya barabara, na yeye anatokea ukurasa wa pili, chini ya duka la viti. Nikamweleza kwamba kupandisha tovuti ni kazi ya subira. Akasema subira yake inaisha Ijumaa ya wiki ijayo. Baada ya hapo anahamia kwa Miwani.

Miwani! Nilimfundisha kazi mimi mwenyewe. Alikaa meza hii hii miaka miwili, akanywa chai yangu, kisha akafungua ofisi yake mlango wa tatu, korido hii hii. Na ndiye anayemshughulikia Bi Fundi.

Mpango: maoni saba mabaya kuhusu Bi Fundi. Nyota moja kila moja. Majina saba, hasira saba. Sita ni ya kawaida tu: huduma mbovu, nilisubiri sana, mambo kama hayo. Ya saba nimeyatolea jasho. Mwanamke anavuka barabara kwenye zebra. Amevaa viatu vyekundu alivyonunuliwa na mwanawe. Mguu unakatika kwenye kifundo. Kiatu kinabaki katikati ya barabara, na mguu umo ndani, magari yanapiga honi. Nimeyasoma mara tatu. Machozi yakanilengalenga. Kipaji ninacho.

Jumanne, 4 Machi

Ushenzi! Kwenye ramani ya mtandaoni, karakana ya Bwana Plasta imeandikwa "Imefungwa kabisa". Mtu kairipoti. Mtu gani, najua. Nimekwenda kugonga mlango wa Miwani nikamwambia kuna mambo ambayo mwenye maadili hafanyi. Akanitazama juu ya fremu za miwani yake. Akasema anashangaa kuniona nimekuja kwa habari ya maadili, maana jana mteja wake kapata maadui saba ndani ya saa mbili, na wote saba hawajui kuweka mkato.

Nikamwambia sijui anazungumzia nini. Tangu lini mkato ukawa ushahidi?

Bwana Plasta hakuona mteja hata mmoja leo. Alinipigia mara kumi na moja. Mara ya tisa alikuwa anapumua tu.

Jumatano, 5 Machi

Kisasi. Kuna mtu anauza viungo. Siyo vya Bwana Plasta: viungo vya mtandaoni, vile unavyobonyeza vikakupeleka kwenye tovuti fulani. Vikitoka mahali safi, tovuti inapanda. Vikitoka kwenye kamari na dawa za nguvu za kiume, inazama. Nimeagiza elfu tatu, vibovu kuliko vyote alivyo navyo, vyote vielekezwe kwa Bi Fundi. Muuzaji akaomba anwani ya tovuti. Nikanakili, nikabandika, nikatuma. Dakika moja! Nikajinunulia soda.

Saa tisa alasiri nikaangalia tena nilichobandika. Ilikuwa anwani ya Bwana Plasta.

Nimemwandikia muuzaji asimamishe. Kajibu kwamba mzigo umeshashuka, na kwa kuwa mimi ni mteja mpya, kaniongezea mia tano vya bure.

Alhamisi, 6 Machi

Bwana Plasta hayupo ukurasa wa pili. Hayupo wa tatu. Nimemtafuta hadi wa kumi na tisa, nikachoka. Nimemwambia hiki ni kipindi cha mpito.

Jioni nikapita kwa mama mdogo. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita, mama yangu mzazi alipofariki. Mwaka juzi sukari ilimla mguu wa kushoto, chini ya goti. Bi Fundi akamtengenezea mwingine, na mama mdogo akarudi kufundisha darasa lake la kwanza. Anakwenda shule kwa miguu. Anaandika ubaoni amesimama. Walimu wapya hawakujua hata ni mguu upi.

Leo nimemkuta kwenye kiti, kando ya dirisha. Mguu ameuegemeza nyuma ya mlango, ameufunika shuka. Hajaenda shule tangu jana. Nikauliza kama anaumwa. Akasema haumwi, akanyoosha mkono na simu yake. Mwalimu mwenzake alikuwa amemwonyesha kitu mtandaoni.

"Soma," akasema. Kisha hakunisubiri, akasoma mwenyewe kwa sauti ile ya darasani. Zebra. Honi. Viatu vyekundu. Kiatu kilichobaki barabarani. Anasoma vizuri sana. Palipokosa mkato alipumua mwenyewe.

Nikasema watu wa mtandaoni hutia chumvi. Akatikisa kichwa.

"Mwanangu, mwongo angesema mguu ulivunjika, basi. Huyu anakumbuka hata rangi ya kiatu, na aliyemnunulia. Na mimi navuka barabara nimewashika watoto wa watu."

Nikamaliza chai, nikaaga.  Ningeanzia wapi kumwambia ni mimi?

Ijumaa, 7 Machi

Naweza kuyafuta. Ni kubonyeza mara mbili tu. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Mara Bwana Plasta akapiga simu, sauti ya mtu aliyefunga ndoa: watu wawili wamemkimbia Bi Fundi wakaja kwake, na mmoja alitaja viatu vyekundu. Akasema niendelee hivyo hivyo. Kidole nikakirudisha mfukoni.

Lakini mimi siyo mnyama. Nikatafuta njia ya kati. Maoni ya nane, nyota tano, kwa jina la bibi wa miaka themanini anayepanda ghorofa nne kila siku kwa mguu wa Bi Fundi. Nikamtumia mama mdogo. Hazikupita dakika tano akanipigia. Huyo bibi kalipwa, akasema, ghorofa nne kwa miaka themanini! Siku hizi mazuri yote ni ya kununua. Mabaya ndiyo watu wanayoandika kwa moyo.

Jumamosi, 8 Machi

Dada, binti wa mama mdogo, kapiga simu asubuhi nikipiga mswaki. Mama alikwenda bafuni kwa mkongojo, bila mguu. Sakafu ilikuwa na maji. Nyonga imevunjika. Alikaa pale chini kama saa nzima, hakutaka kusumbua majirani.

Wodi ina vitanda kumi na sita. Cha mama ni cha mwisho, karibu na sinki linalodondoka. Amekuwa mdogo ghafla, shuka imemmeza. Daktari anasema wiki saba kitandani, na kwa mtu wa sukari haahidi zaidi ya hapo. Dada akamuuliza mama kwa nini hakuvaa mguu. Mama akasema aliogopa. Dada akageuka akaniuliza mimi kama najua mama anaogopa nini.

Nikaenda kuleta maji. Nimekaa bombani muda mrefu. Ndoo ilijaa, ikamwagika, ikaendelea kumwagika.

Jumapili, 9 Machi

Bi Fundi kaja wodini. Sikuwahi kumwona kwa karibu. Mfupi, mikono mipana, kabeba spana na bisibisi kwenye mfuko wa kitambaa. Akampa mama pole. Akamwomba dada ule mguu, aliouleta kutoka nyumbani, akaufungua skrubu moja moja juu ya kitanda, akamwonyesha mama kila chuma, akaufunga tena. Hauna hata ufa.

Kisha akasema karakana ameifunga tangu Jumanne. Anawapigia simu wateja wake wote, mia mbili na kumi na wawili, akimtafuta yule wa viatu vyekundu. Waliofariki, anawapigia watoto wao. Wamebaki tisa.

"Kama mtu wangu ameangushwa na kazi yangu, nataka nimwone uso kwa uso," akamwambia mama. "Silali, dada yangu. Nikifumba macho naona kile kiatu."

Nilikuwa nimeshika chupa ya chai.  Nikafungua mdomo. Haki ya Mungu, nilikuwa nasema! Mama mdogo akaniwahi. Akamwambia Bi Fundi: huyu mwanangu ni mtu wa kompyuta, mambo ya namna hiyo ndiyo kazi yake, ana moyo, atamsaidia.

Bi Fundi akanishika mikono yote miwili, chupa ikiwa katikati. Akasema Miwani anamwambia kila siku kwamba ni njama za mshindani, ila hana ushahidi wa kumtaja mtu kwa jina, na yeye hawezi kuamini kwamba kuna mtu wa kutunga kitu kama kile. Akaniuliza kama naweza kufuatilia.

Nikasema naweza. 

Jumatatu, 10 Machi

Bi Fundi kamwachisha Miwani kazi. Bwana Plasta, ambaye mpaka leo mtandao haujui kama yuko hai, kahamia kwa Miwani bila kungoja Ijumaa. Tumebadilishana wateja. Tulikutana koridoni, Miwani akasema ananijua vizuri mno, na kwamba mkato nitajifunza siku moja. Wivu ni ugonjwa.

Shule imempa mwalimu mwingine darasa la mama. Dada anasema tusimwambie kwanza.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimepata akili. Jana yote nilikuwa nafikiri kama mtoto: futa yote, maliza. Nikifuta yote leo, Bi Fundi atanihitaji kwa lipi kesho? Na ataanza kuuliza nimeyafutaje.

Kwa hiyo, taratibu. Maoni saba, wiki saba. Kila Jumanne moja yanatoweka, Bi Fundi anaona mwenyewe kwamba mtu anafanya kazi. Naanza na yaliyo dhaifu. Ya viatu vyekundu yatakuwa ya mwisho, yana nguvu mno. Mama naye hana haja ya mguu kwa wiki saba, daktari kasema mwenyewe. Hakuna anayeumia. Ningeupanga mpango huu kwa makusudi usingekaa vizuri hivi!

Nimefuta ya "nilisubiri sana". Bi Fundi kapiga simu hapo hapo, karibu alie, akaniombea dua ndefu. Akasema wamebaki wateja wanne ambao hajawapata, mmoja kahama, simu haipatikani, labda ndiye. Kesho anapanda basi kumfuata.

Nimemwambia asikate tamaa.